Uzi wa Nne

Mume wangu ni mwoga. Sisemi kwa kumsengenya. Mwenyewe anajua na mtaa mzima unajua, ndiyo maana wanamwita Mzee Kagua. Akifunga mlango wa nyumba, anautikisa. Akifika getini, anarudi kuutikisa tena. Jiko likizimwa anaweka kiganja juu yake kuona kama kweli limezimwa, na likiwa bado la moto anaungua, halafu ananigeukia na kuniambia, "Unaona?" Miaka thelathini na minane nimeishi na mtu huyo. Kama subira ingekuwa suruali, yangu ingekuwa imeshatoboka magotini.

Uoga wake una asili yake, na haki niiseme. Yeye ni fundi cherehani. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, bado anajifunza kazi, jioni moja kila mtu dukani alidhani mwenzake ameshamwaga makaa ya pasi. Asubuhi walikuta mabati yaliyojikunja na vyuma vya cherehani vimesimama peke yavyo. Hakufa mtu, lakini yule mzee aliyekuwa akiwafundisha hakuinuka tena. Alimaliza umri wake akishona vifungo kwenye vibaraza vya watu. Tangu siku hiyo mume wangu hukagua kila kitu mara tatu. Ukimcheka anakujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na yeye anachagua kicheko.

Nami nilimcheka. Niseme ukweli, nilimcheka kuliko wote. Mimi nimefua shuka za hospitali miaka ishirini na sita, kwenye mashine zinazonguruma kutwa nzima, kwa hiyo sauti yangu haijui kunong'ona. Nikimtania barazani, wanasikia hadi dukani.

Tuna binti mmoja tu. Anauza dawa kwenye famasi huko bondeni, na mume wake hufanya kazi mbali, hurudi mwisho wa mwezi. Ana mtoto wa kike wa miaka minne, ambaye namwita mke mwenzangu, maana babu yake akimwona hanioni tena mimi. Nyumba yetu iko juu kabisa ya mlima. Barabara ya kuteremka ina kona saba. Upande mmoja nyumba za watu, upande wa pili korongo, na ukingo wake ni mawe machache yaliyopakwa chokaa. Kila binti yetu akiteremka na kale kagari kake kadogo, baba yake husimama getini mpaka apige simu kwamba amefika.

Ijumaa moja alikuja kulala kwetu, akasema breki siku hizi zinavuta upande. Hata chai baba yake hakuimaliza. Alilala chali chini ya gari na tochi mdomoni, akaikunja kwa vidole mipira ya breki, ile mipira mifupi inayopeleka mafuta kutoka kwenye bomba la chuma hadi kwenye gurudumu. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Mipira yote minne ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino changu wakati wa kiangazi. Alisema hiyo si ya kusubiri, mmoja ukipasuka ukiwa mlimani mafuta yote yanamwagika na mguu unakanyaga hewa.

Fundi wa magari wa mtaani kwetu tunamwita Fundi Kesho, na sihitaji kueleza kwa nini. Mume wangu alimpigia, akaambiwa kesho kutwa. Basi mzee akasema atabadilisha mwenyewe. Hakuwa anabahatisha. Miaka kumi alishona viti vya magari kwenye gereji moja, akiwa na cherehani yake kwenye kona, na akiwa hana kazi alikuwa akiwashikia mafundi spana. Kazi hiyo aliiona mara nyingi, na mara mbili aliwahi kuifanya kwenye pikapu ya kaka yangu. Jioni ile ile alikwenda duka la spea akarudi na mipira minne mipya, washa za shaba, vile vipete vinavyozuia mafuta yasivuje kwenye bolti, na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyofunguliwa aliikataa, akasema mafuta hayo yanakunywa unyevu.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa ameshaanza. Alisawazisha gari kwenye sakafu ya saruji ya uwanjani, akaliinua kwa jeki, akaliweka juu ya stendi nne za chuma alizoazima, akalisukuma kwa bega kuona kama linatikisika. Akalisukuma tena. Nilikuwa nikifagia pembeni yake huku nikiangalia saa, kwa sababu siku ile nilikuwa na wageni. Shoga zangu watano wa kufulia, tuliostaafu pamoja, walikuwa waje saa sita kunywa chai. Nilitaka uwanja wangu uwe safi. Wewe fikiria, wanawake wamevaa wamependeza, wanaingia wanakuta magurudumu, matambara na mwanamume amelala chali.

Sasa sikiliza alivyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Mshonaji hashoni nguo moja kwa moja. Kwanza anashikiza: anapitisha uzi mweupe kwa mishono mirefu iliyolegea, nguo yote isimame ionekane, ndipo anakwenda kwenye cherehani na kushona kweli. Akimaliza kushona sehemu, anakata ule uzi mweupe na kuutoa. Uzi mweupe ukiwapo maana yake hapa bado. Miaka yote mume wangu amefanya hivyo, na vile viuzi anavyokata huvibandika kwenye bega la kushoto la shati lake, ajue ametoa vingapi.

Na breki alizishikiza. Alifungua mpira wa zamani, akafunga mpya, washa moja juu na moja chini, akakaza bolti kidogo tu kwa spana, halafu akaifunga uzi mweupe. Akahamia gurudumu la pili, la tatu, la nne, yote hivyo hivyo. Kisha akaanza kuzunguka upya, safari hii akikaza kwa nguvu zake zote. Kila bolti aliyoikaza aliukata uzi wake na kuubandika begani. Fundi Kesho angemwona angecheka mpaka aketi chini. Mimi mwenyewe nilicheka, nikamuuliza kama gari litakuwa na pindo pia.

Alikuwa amekaza bolti tatu pale alipofika mteja getini, bwana mmoja aliyetaka kupimwa suruali ya harusi ya mdogo wake. Mzee alimwambia kwa adabu arudi mchana. Mimi nikaona mchana wageni wangu watakuwa wamekaa, na mtu wa kupimwa suruali mbele ya shoga zangu ni kichekesho cha mwaka. Nikamwita mume wangu akanawe ampime upesi amalize. Akaweka spana chini, akanawa, akampima. Ilichukua nusu saa, maana bwana yule alikuwa na maneno mengi kuhusu marinda.

Aliporudi, binti yetu alikuwa ameshakaa kwenye usukani tayari kwa kazi ya kutoa hewa. Baba anafungua kinati kidogo kwenye gurudumu, binti anakanyaga, mafuta na mapovu yanatoka kwa kamrija kaangavu kwenye kopo. Baba anafunga, binti anaachia. Walianza pale pale, kwa sababu ndivyo nilivyowapanga. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, mpaka mapovu yakaisha kote. Pedeli ikasimama ngumu. Uwanjani pale, kwa mguu wa taratibu, bolti ile ya nne ilishika bila kutoa hata tone.

Mzee akainuka, akashika kiuno, akachukua tochi. Alitaka kuzunguka tena magurudumu yote kabla ya kuyafunga. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilikuwa nimeshaviringisha magurudumu mwenyewe na kuyaegemeza kila moja mahali pake.

"Baba," nikamwambia, "utakagua mpaka kiyama? Pedeli ngumu, mtoto amekanyaga mwenyewe. Funga magurudumu, watu wanakuja."

Nilisema kwa sauti yangu hiyo, na binti yetu akacheka, na mtoto akacheka kwa sababu mama yake amecheka. Mume wangu alisimama na tochi mkononi. Akanitazama, akatabasamu kidogo, kama mtu anayejaribu kuacha sigara. Akaizima tochi. Akafunga magurudumu.

Binti yetu alitaka kuondoka mapema, mawingu yalikuwa yakikusanyika na hapendi kuteremka mvuani. Akamfunga mtoto kiti cha nyuma. Mkoba wenye simu akauweka huko huko nyuma, kwa amri ya baba yake ya siku zote: akiwa barabarani asishike simu, hata Rais akipiga. Akaondoka. Mimi nikaanza kupanga viti.

Mzee alikwenda bombani kunawa. Nilikuwa nimempa mgongo, nikamsikia amefunga maji. Nilipogeuka alikuwa ameinua mkono wa kulia, anatoa viuzi begani kimoja kimoja na kuviweka kiganjani. Vitatu. Akajipapasa shingoni, akatazama chini, akatazama ndani ya karai. Akapiga magoti akaipapasa saruji pale gari lilipokuwa.

Nilimwambia cha nne kimeanguka, kimepeperushwa na upepo. Nilisema huku nami nimeshainama natafuta. Alikuwa anazunguka uwanja kama kwamba gari bado lipo, anagusa hewani: hapa nilikaza, hapa nilikaza, hapa nilikaza. Akafika kwenye kona ya nyuma kushoto. Hapo akasimama.

"Nyuma kushoto," akasema. "Nimeushikiza tu."

Tulipiga simu, ikaita. Tukapiga tena, ikaita. Niliiona akilini ikiita ndani ya mkoba, na yule mke mwenzangu akimwambia mama yake simu inalia, na mama yake akimwambia iache, babu amekataza. Amri nzuri ya mtu mwoga, na sasa inatuua.

Mume wangu hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Aliikimbilia ya kwanza iliyopita, akapanda bila kuuliza, nami nikapanda nyuma yake, watatu tumepangana kama mishikaki, bibi mzima na nguo ya wageni. Kijana akauliza twende wapi, mzee akamwambia chini, chini, fuata barabara. Nilimshika mume wangu kiunoni na nilihisi moyo wake mgongoni, unapiga juu juu. Hakusema pole pole. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, maana sijawahi kuwa mahali na mtu huyo asiseme pole pole.

Kona ya kwanza, hakuna kitu. Barabara kavu. Kona ya pili nilimwona mwanamke ananing'iniza nguo, nikamwambia Mungu kwamba mtu hawezi kuning'iniza nguo kwa utulivu hivyo kama gari limepita likianguka. Nilikuwa nashika chochote. Kona ya tatu kulikuwa na matone meusi barabarani, mzee akayaona kabla yangu, akatoa sauti ndogo kooni. Matone yalikuwa mbalimbali, kisha yakakaribiana. Kwenye kona ya nne yakawa mstari. Mawe mawili ya chokaa hayakuwapo, na mimi nilijua kabisa kwamba jana yalikuwapo, na nikapiga kelele. Kijana wa pikipiki akasema kwa utaratibu tu kwamba mawe hayo yaling'olewa na lori mwezi uliopita.

Baada ya kona ya tano tuliona watu. Watu wengi, migongo, na hakuna aliyekuwa akizungumza kwa sauti. Unajua watu wakiwa wengi na wametulia maana yake nini. Pikipiki haikuwa imesimama, mzee akashuka, akaanguka, akainuka, akapita katikati yao kwa viwiko, yeye ambaye hata kwenye foleni ya maji humpisha mwenzake.

Gari lilikuwa limezamisha pua kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Mchanga ulikuwa umepanda hadi kwenye kioo. Binti yetu alikuwa ameketi juu ya tofali, mzima, mikono yote miwili juu ya magoti, anaitazama. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama mmoja wa hapo, analia, mdomo wa chini umechanika na damu imeshuka kwenye gauni. Nilimnyakua kwa yule mama bila hata ahsante. Nikampapasa kichwa, mbavu, vidole vya miguu. Alikuwa amejing'ata tu. Nikalia mpaka yeye akanyamaza kunishangaa.

Binti yetu alieleza kwa sauti isiyo na nguvu. Kona ya nne alikanyaga, pedeli ikazama kama anakanyaga mto wa kulalia. Akarudisha gia chini, akavuta breki ya mkono, gari likapungua lakini halikusimama. Mbele kulikuwa na watoto wanavuka na ndoo. Akauona mchanga, akaugeukia. Akasema alidhani ni kosa lake, labda alikanyaga vibaya siku zote, labda ndiye anayeharibu breki.

Baba yake alikuwa ameshalala chini, kwenye mawe, anatazama nyuma ya gurudumu la kushoto. Alipotoka alikuwa na mafuta hadi kwenye nyusi na uzi mmoja mkononi, umelowa, haukuwa mweupe tena. Alisimama mbele ya umati ule wote, mtu ambaye akisimama kuzungumza kwenye kikao cha mtaa anatetemeka mpaka karatasi inasikika. Safari hii alitetemeka mwili mzima, lakini alisema.

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Bolti hii sikuikaza."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema ushonaji na magari wapi na wapi, na wengine wakacheka, vile kicheko kinavyokuja kifo kikishapita. Binti yetu alimtazama baba yake. Halafu hasira ikampanda, na sikumlaumu, alikuwa na damu ya mwanawe kwenye mkono wa blauzi. Akamuuliza ni yeye kweli, yeye anayefunga mlango mara tatu? Mlango unaolinda sahani na vikombe unatikiswa mara tatu, na mjukuu anapewa bolti iliyoachwa nusu? Akamwambia asiguse gari lake tena maisha yake yote.

Mzee akasema sawa. Nilisubiri aseme. Nilisubiri anigeukie, aniulize mbele ya wote ni nani aliyeita mteja, nani aliyeviringisha magurudumu, nani aliyesema kiyama. Nilikuwa nimeshaanza kutengeneza majibu, mimi sikosi majibu. Hata hakunitazama.

Binti yetu akanigeukia mimi. Sauti yake ililainika.

"Mama, laiti ungekuwa karibu naye alipokuwa anakaza. Wewe usingemwachia."

"Mama yako alikuwa anaandalia wageni wake," mzee akasema haraka. "Hakuwapo."

Mke mwenzangu alikuwa kifuani kwangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, anapumua kwa kwikwi. Ningeweza kunyamaza. Niseme ukweli mtupu, nilitaka kunyamaza, na nilinyamaza kwa muda wa kutosha kuona jinsi ingekuwa rahisi. Ningerudi nyumbani, shoga zangu wangenipa pole, na huyu mzee angebeba aibu hiyo hadi kaburini bila kunidai kitu.

"Nilikuwapo," nikasema.

Nikamweleza yote. Suruali ya yule bwana, magurudumu niliyoyaviringisha, tochi aliyoishika baba yake na ile sauti yangu niliyomzimia nayo. Nikamwambia kwamba alitaka kuzunguka mara ya tatu na mimi nikamkataza, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa kwenye usukani akacheka, nami nikafurahi kwamba nimechekesha. Nilisema kwa sauti ya chini. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipojua kumbe ninaweza kunong'ona.

Binti yetu aliinuka kwenye tofali, akaja hadi niliposimama, akamtoa mtoto mikononi mwangu. Mtoto alinishika kola, mama yake akamfungua vidole taratibu. Akampeleka kwa babu yake. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akainua mikono yake kumwonyesha, akasema ina mafuta, atamchafua.

"Mshike hivyo hivyo, baba," akasema.